South Carolina dhidi ya Washington: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugomvi wa ushuru wa 1832

Kwa kifupi, waligombania nini?

Novemba 1832 jimbo la South Carolina lilitangaza kwamba sheria mbili za ushuru wa forodha zilizopitishwa na Bunge la Marekani, ya 1828 na ya 1832, ni batili ndani ya mipaka yake, na kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 1833 ushuru huo hautakusanywa tena katika bandari zake. Rais Andrew Jackson akajibu kwamba hakuna jimbo lenye uwezo huo, na kwamba kuuvunja Muungano kwa silaha ni uhaini. Kwa miezi kama minne nchi ikakaa roho juu. Mwishowe Bunge likapitisha sheria mbili kwa mpigo, moja ya kupunguza ushuru, nyingine ya kumpa Rais nguvu za kijeshi za kuukusanya, na kila upande ukarudi nyumbani ukishangilia.

Anayetaka jibu la dakika moja anaweza kuishia hapo.

Ushuru wa forodha tu ndio uwafanye watu washike bunduki?

Marekani ya wakati ule haikuwa na kodi ya mapato ya serikali kuu. Hazina ya Washington ilitegemea forodha, na sehemu ya pengo ikazibwa na mauzo ya ardhi ya magharibi. Mtu wa kawaida aliweza kumaliza mwaka bila kuuona mkono wa serikali kuu isipokuwa posta, na kwenye bei ya nguo, chuma na sukari.

Tena ushuru ule ulikuwa na kazi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kujaza hazina. Ya pili ni kuvikinga viwanda vya ndani: unaitoza nguo ya Uingereza mpaka inakuwa ghali kuliko ya Massachusetts, mnunuzi anahamia ya nyumbani. Ukiifanya hii ya pili vizuri kupita kiasi, ya kwanza inakufa, maana bidhaa haziingii tena. Hapo ndipo watu wa South Carolina walipoipata hoja yao ya kisheria. Katiba inalipa Bunge uwezo wa kutoza ushuru, na inayakataza majimbo kutoza bidhaa zinazoingia bila ridhaa ya Bunge. Hilo hawakulibishia. Walichosema ni kwamba uwezo huo ulitolewa kwa ajili ya mapato, si kwa ajili ya kumneemesha mwenye kiwanda wa kaskazini kutoka mfukoni mwa mwenye shamba wa kusini.

Sheria ya 1828 ilikuwaje hata ikaitwa "Ushuru wa Machukizo"?

Hii ni hadithi ya hila iliyomgeukia mwenyewe. Mwaka 1828 ulikuwa wa uchaguzi. Wafuasi wa Jackson bungeni, chini ya uangalizi wa Martin Van Buren wa New York, walitunga muswada uliopandisha ushuru wa malighafi: chuma, katani, sufi, molasi. Majimbo ya katikati na ya magharibi, yaliyozalisha vitu hivyo, yangefurahi na kumpa Jackson kura. New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki kama Massachusetts, ndiyo ingeumia, kwa sababu ilihitaji katani ya kamba za meli, sufi ya viwanda vyake, na molasi ya kutengenezea ramu.

Wabunge wa kusini wakaona nafasi. Walipiga kura kuzuia kila marekebisho ya kuupunguzia makali muswada ule, wakiamini kwamba ukiachwa na miba yake yote New England yenyewe itaukataa, nao kusini watakuwa wameua ushuru bila kuchafua mikono. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wabunge wa kutosha wa New England waliimeza miba pamoja na samaki, kwa kuwa kinga ya nguo walizofuma ilikuwa bado imo ndani, na muswada ukapita kwa kura 105 dhidi ya 94 katika Baraza la Wawakilishi na 26 dhidi ya 21 katika Seneti. Rais John Quincy Adams akautia saini tarehe 19 Mei 1828.

John Randolph wa Virginia, mtu mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alisema muswada ule haukuhusu utengenezaji wa kitu chochote isipokuwa utengenezaji wa Rais wa Marekani. Naye Rais huyo kweli akatengenezwa: Jackson alishinda mwishoni mwa mwaka huo.

Majimbo ya kusini yalikuwa mengi. Kwa nini South Carolina ndiyo iliyochemka?

Kwa sababu ilikuwa imeanza kuchoka kabla ya ushuru. Mwaka 1818 ratili moja ya pamba iliuzwa kwa zaidi ya senti 30. Likaja anguko la uchumi la 1819, na kufikia 1831 ratili hiyo ilikuwa inatafuta senti 8 au 9. Ardhi ya bara ya jimbo hilo ilikuwa imelimwa mpaka ikachakaa, huku Alabama na Mississippi zikifungua mashamba mapya yenye udongo mnono na kumwaga pamba sokoni. Watu walifunga mizigo na kuhamia huko pamoja na watumwa wao.

Mtu aliyezoea senti 30 akiona 8 hutafuta mwizi. Alabama ilikuwa ya binamu zake. Massachusetts ilikuwa mbali na ilikuwa na viwanda. Simaanishi kwamba ushuru haukuwaumiza. Waliuza Liverpool na kununua bidhaa zilizotozwa, kwa hiyo waliumia kweli. Ila ukiniuliza ni kipi kilichoishusha bei ya pamba, nitakuonyesha mashamba mapya kabla ya kukuonyesha forodha.

Nadharia ya marobota arobaini ni ipi?

Ni kazi ya George McDuffie, mbunge wa South Carolina aliyesifika kwa kupiga meza na kupaza sauti. Alisema ushuru wa asilimia 40 kwenye nguo ni sawa na mwenye kiwanda kuingia ghalani mwako na kuondoka na marobota 40 katika kila 100 uliyovuna. Uzuri wake ni kwamba kila mtu aliweza kuliona robota likitoka mlangoni. Ubaya wake ni kwamba hesabu haikai sawa: inachukulia kwamba muuza pamba ndiye anayebeba mzigo wote wa ushuru, na mnunuzi wa nguo, awe Ohio au Boston, habebi hata tone. Kihesabu ni mbovu, kisiasa ilikuwa dhahabu. Wakulima wasioweza kueleza ibara moja ya Katiba waliweza kukueleza marobota 40.

John C. Calhoun alikuwa Makamu wa Rais. Iliwezekanaje apigane na serikali yake mwenyewe?

Kwa siri, mwanzoni. Mwishoni mwa 1828 bunge la South Carolina lilichapisha waraka mrefu wa kupinga ushuru, usio na jina la mwandishi. Mwandishi alikuwa Calhoun, akiwa bado Makamu wa Rais wa Adams na tayari amechaguliwa kuwa Makamu wa Jackson. Kinachochekesha ni kwamba mwaka 1816 mtu huyuhuyu alisimama bungeni kuutetea ushuru wa kuvikinga viwanda, enzi zile jimbo lake lilipodhani nalo litajenga vya kwake.

Uhusiano wake na Jackson uliharibika kwa mambo mengi, na mengine hayakuhusu ushuru kabisa. Jackson aligundua kwamba mwaka 1818 Calhoun, akiwa Waziri wa Vita, alitaka aadhibiwe kwa kuivamia Florida. Kulikuwa pia na ugomvi wa wake za mawaziri waliokataa kumpokea mke wa Waziri John Eaton, na mke wa Calhoun akiwa mstari wa mbele.

Tarehe 13 Aprili 1830, kwenye karamu ya kumkumbuka Thomas Jefferson mjini Washington, wawili hao walijibizana kwa glasi. Jackson aliinua yake na kusema: Muungano wetu, lazima ulindwe. Calhoun akainua ya kwake: Muungano, ambao baada ya uhuru wetu ndio tunaoupenda kuliko vyote. Ukumbi mzima ulielewa. Julai 1831 Calhoun aliacha kujificha na kutoa msimamo wake kwa jina lake, na tarehe 28 Desemba 1832 alijiuzulu umakamu na kuingia Seneti. Hakuna Makamu wa Rais aliyewahi kujiuzulu kabla yake.

Kubatilisha sheria ya nchi kulitakiwa kufanyikeje?

Kwenye karatasi ya Calhoun ilikuwa hivi. Majimbo ndiyo yaliyoandikiana mkataba wa Katiba, kwa hiyo kila jimbo lina haki ya kuamua kama mkataba umevunjwa. Mkutano maalumu wa wananchi wa jimbo unaitangaza sheria kuwa batili, nayo inaacha kutumika ndani ya jimbo hilo. Serikali kuu ikitaka kuendelea nayo, itafute robo tatu ya majimbo yaibadilishe Katiba na kulipa Bunge uwezo huo waziwazi. Ikifanikiwa, jimbo lililokataa litii au lijitoe. Calhoun aliamini kwa dhati kwamba hii ni dawa ya kuuokoa Muungano. Lakini hesabu yake ina maana kwamba zaidi kidogo ya robo ya majimbo wanaweza kuifunga nchi nzima mikono.

Mkutano wenyewe ulikaa Columbia, mji mkuu wa jimbo, na tarehe 24 Novemba 1832 ukapitisha azimio la kubatilisha kwa kura 136 dhidi ya 26. Azimio lilikataza kesi hizi zisikatiwe rufaa Mahakama Kuu ya Marekani, likawataka maafisa wa jimbo wale kiapo cha kulitekeleza, na likaonya kwamba nguvu ikitumika jimbo litajitenga.

Mimi huona utamu wa kisa hiki uko chini zaidi, kwenye meza ya forodha. Siku zile mwagizaji hakulazimika kulipa ushuru taslimu. Alitia saini hati ya dhamana, akachukua mzigo wake, akalipa baada ya miezi. Asipolipa, serikali ilimshtaki kwenye mahakama ya shirikisho, ambako wazee wa baraza walikuwa watu wa jimbo hilohilo. Wabatilishaji walitazamia watu hao watakataa kumtia hatiani jirani yao. Bunge la jimbo likaongeza meno: afisa wa forodha akiushikilia mzigo, mwenyewe anaweza kudai arudishiwe kwa amri ya mahakama ya jimbo, na afisa akikaidi, mali yake binafsi inakamatwa kwa thamani mara mbili ya mzigo. Fikiria wewe ndiye karani wa forodha Charleston, una nyumba na farasi wawili.

Washington nayo ikajibu kwa akili ileile ya makarani. Forodha ihamishiwe kwenye ngome au juu ya meli iliyotia nanga bandarini. Hati za dhamana zisikubaliwe tena. Anayetaka mzigo wake alipe taslimu papo hapo. Kesi zote zihamie mahakama za shirikisho. Kukiwa hakuna dhamana, hakuna wa kumshtaki. Kukiwa hakuna wa kumshtaki, wazee wa baraza hawana kazi. Na mahakama ya jimbo ikitaka kuurudisha mzigo, polisi wake itabidi wapige makasia mpaka kwenye meli ya serikali.

Si Jefferson na Madison ndio walioanzisha wazo hili?

Walilifungulia mlango. Mwaka 1798, wakipinga sheria dhidi ya wageni na wakosoaji wa serikali, Jefferson aliandika kwa siri maazimio ya Kentucky na Madison ya Virginia, yaliyosema majimbo yana haki ya kuikataa sheria ya Bunge inayovunja Katiba. Jefferson alikuwa amekwisha kufariki ugomvi huu ulipoiva, kwa hiyo kila mtu alimsemea alivyotaka. Kwa bahati mbaya ya wabatilishaji, Madison alikuwa hai, mzee wa miaka zaidi ya 80, akiwaandikia watu barua kutoka nyumbani kwake Virginia kusema hakumaanisha hivyo hata kidogo.

Hii haikuwa habari ya utumwa tu, iliyovalishwa nguo ya ushuru?

"Tu" hapana. Lakini ukiondoa utumwa, kisa hiki hakisimami.

Sensa ya 1830 ilihesabu watu 581,185 South Carolina, na 315,401 kati yao walikuwa watumwa. Mabwana walikuwa wachache katika jimbo lao wenyewe, na walilala wakijua hivyo. Mwaka 1822 waliwanyonga Charleston watu 35 kwa tuhuma za kupanga uasi pamoja na Denmark Vesey, seremala mweusi aliyekuwa amejinunulia uhuru. Mwaka huohuo wakatunga sheria ya kumfunga jela kila baharia mweusi aliye huru anayetia mguu bandarini, mpaka meli yake ing'oe nanga. Jaji William Johnson wa Mahakama Kuu ya Marekani, mzaliwa wa Charleston, alisema mwaka 1823 kwamba sheria ile inavunja Katiba. Jimbo likaendelea kuwafunga mabaharia kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Kwa maoni yangu huo ndio ubatilishaji wa kwanza, miaka tisa kabla ya ule wa ushuru. Kisha Agosti 1831 Nat Turner akaongoza uasi Virginia, na hofu ikatanda kusini yote.

Calhoun mwenyewe, kwenye barua ya Septemba 1830, alikiri kwamba sheria ya ushuru ilikuwa tukio lililoamsha mambo, wala si chanzo chake. Chanzo ni utumwa na maisha uliyoyajenga kusini, yanayowafanya wawe wachache wa kudumu ndani ya Muungano. Serikali yenye nguvu ya kutoza ushuru kwa manufaa ya upande mmoja leo, kesho itakuwa na nguvu ya kugusa watumwa. Basi wakachagua kujenga ukuta mapema, kwenye ushuru, mahali ambapo wangeweza kupata marafiki.

Hata ushuru wenyewe uliwagusa watumwa mwilini. Wenye mashamba waliwavika nguo duni za sufi nzito, na sheria ya 1828 ilizipandisha bei. Ya 1832 ikazishusha mpaka asilimia 5, kama pipi ya kuwabembeleza mabwana, huku nguo bora na chuma vikibaki juu. Haikuwatuliza.

Jackson alikuwa mtu wa kusini na mwenye watumwa. Kwa nini hakusimama nao?

Alizaliwa mpakani mwa zile Carolina mbili na aliihesabu South Carolina kuwa kwao. Ushuru mkubwa hakuupenda. Mapema Desemba 1832 aliliomba Bunge liupunguze. Alichokuwa hakivumilii ni kuambiwa "hatutii". Tarehe 10 Desemba akatoa tangazo lililoandaliwa pamoja na Waziri wake wa Mambo ya Nje, Edward Livingston, likisema kwamba uwezo wa jimbo kufuta sheria ya Marekani haupatani na kuwapo kwa Muungano, na kwamba wananchi wa Carolina wamedanganywa na viongozi wao.

Wakati huohuo alikuwa amempeleka Jenerali Winfield Scott Charleston kuziimarisha ngome za bandari, kimyakimya, bila kuwachokoza watu. Mojawapo ya ngome hizo, Sumter, ilikuwa bado ni kisiwa cha mawe yanayorundikwa.

Upande wa pili Gavana Robert Hayne aliandikisha askari wa kujitolea wapatao 25,000. James Hamilton, gavana aliyemtangulia, alipeleka mchele Havana ukabadilishwe kwa sukari, akatangaza kwenye mkutano wa hadhara Charleston kwamba sukari yake itaingia bila ushuru na kwamba anaamini wananchi wenzake watakwenda naye hadi kufa kwa ajili yake. Kufa kwa ajili ya sukari ya mtu! Lakini mkutano huohuo, wa tarehe 21 Januari 1833, ndio ulioamua utekelezaji usubiri kwanza kuona Bunge litafanya nini. Makelele yalikuwa makubwa, breki nazo zilikuwa zinakanyagwa.

Ndani ya South Carolina hakuna aliyepinga?

Wengi tu. Katika uchaguzi wa Oktoba 1832 karibu wapiga kura wanne katika kila kumi waliwakataa wabatilishaji, ingawa mgawanyo wa viti uliwaacha wanyonge. Walikuwapo hasa miongoni mwa wafanyabiashara wa Charleston na wakulima wadogo wa milimani. Wabatilishaji walivaa beji za utepe wa buluu kofiani, na usiku wa kampeni watu walipigana mitaani kwa marungu. Kiongozi wa upande wa Muungano, Joel Poinsett, alikuwa akiandikiana na Jackson mara kwa mara na kuandaa vijana wake kwa siri. Ndiyo, ndiye yule ambaye lile ua jekundu la Krismasi limepewa jina lake. Alilitoa Mexico alipokuwa balozi.

Majimbo mengine ya kusini yalifanya nini?

Yaliulaani ushuru, kisha yakaulaani ubatilishaji. Hakuna hata moja lililojiunga. Virginia ilituma mpatanishi.

Georgia inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa inamweka Jackson pabaya. Machi 1832 Mahakama Kuu ilisema Georgia haina mamlaka juu ya nchi ya Wacherokee na kwamba mmisionari Samuel Worcester amefungwa kinyume cha sheria. Georgia ikapuuza, na Jackson, ambaye alitaka Wacherokee waondolewe, hakuinua kidole. Ilipofika ubatilishaji wa South Carolina akawa simba. Watu wake walifanya kazi ya chini kwa chini ili wamisionari wale waachiliwe Januari 1833, Georgia isije ikapata sababu ya kuungana na jirani yake. Muungano ulinusurika. Wacherokee walifukuzwa miaka michache baadaye.

Suluhu ilipatikanaje?

Kwa Henry Clay wa Kentucky, baba wa ushuru wa kuvikinga viwanda, aliyekuwa ametoka kushindwa na Jackson kwenye uchaguzi wa urais. Clay na Calhoun hawakupendana, lakini wote wawili walimchukia Jackson vya kutosha kukaa meza moja. Clay aliona kwamba akingoja, Bunge lijalo litaukata ushuru wote mara moja. Calhoun aliona kwamba jimbo lake liko peke yake.

Walikubaliana kushuka ngazi polepole. Kila ushuru uliozidi asilimia 20 upunguzwe moja ya kumi ya ziada yake mwishoni mwa 1833, 1835, 1837 na 1839, kisha nusu ya kilichobaki iondoke mwishoni mwa 1841, na nyingine katikati ya 1842. Chukua nguo inayotozwa asilimia 50: inakwenda 47, 44, 41, 38, halafu ghafla 29, halafu 20. Miaka minane ya kushuka vidole viwili viwili, kisha kuruka dirishani. Wenye viwanda walipata muda, wenye mashamba wakapata ahadi, na wote walijua Bunge la baadaye linaweza kubadili mawazo.

Pamoja nayo ukaja muswada wa nguvu, uliompa Rais ruhusa ya kutumia jeshi na kuihamisha forodha. Wapinzani wake walitoka nje ya Seneti wakati wa kura, akabaki John Tyler wa Virginia peke yake akisema hapana dhidi ya 32. Jackson alizitia saini sheria zote mbili tarehe 2 Machi 1833.

Basi nani alishinda?

South Carolina ilisema imeshinda kwa sababu ushuru ulishuka. Jackson alisema ameshinda kwa sababu azimio lilifutwa: mkutano wa Columbia ulikutana tena na kuliondoa tarehe 15 Machi. Lakini siku tatu baadaye wajumbe haohao wakaubatilisha ule muswada wa nguvu, ambao kwa sasa haukuwa na kazi yoyote. Ni kama mtu aliyekwisha kulipa deni akageuka mlangoni na kutukana.

Ile asilimia 20 iliyosubiriwa miaka tisa ilidumu miezi miwili. Agosti 1842 hazina ilikuwa tupu, Bunge likaupandisha ushuru tena, na Rais aliyetia saini alikuwa John Tyler. Safari hii South Carolina haikubatilisha kitu.

Je, ushuru ndio ulioleta vita vya 1861?

Swali hili huulizwa kila mara, na wengine wanaouliza wameshajichagulia jibu. South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba 1860. Wakati huo ushuru uliokuwa ukitumika ulikuwa wa 1857, mdogo kuliko wowote tangu enzi za 1816, uliopitishwa kwa kura za kusini. Soma maelezo ambayo jimbo lenyewe lilitoa ya kwa nini linaondoka: yanazungumzia watumwa waliotoroka, majimbo ya kaskazini yanayokataa kuwarudisha, na Rais anayeuchukia utumwa. Ushuru haumo. Sheria mpya ya kuupandisha ilitiwa saini tarehe 2 Machi 1861, majimbo saba yakiwa yamekwisha kuondoka na wabunge wao hawapo kuizuia.

Jackson alikuwa ameliona hilo mapema. Mei 1833 aliandika kwenye barua kwamba ushuru ulikuwa kisingizio tu, shabaha ni kuuvunja Muungano, na kisingizio kitakachofuata kitakuwa watu weusi au utumwa. Abraham Lincoln alipokuwa akiandaa hotuba yake ya kuapishwa, tangazo la Jackson la 1832 lilikuwa kati ya nyaraka chache alizoziweka mezani.

Haya yote yana uhusiano gani na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki?

Uhusiano wake uliwahi kuuzwa kwa jora dukani. Merikani, ile nguo nyeupe nzito isiyopaushwa, ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts vilivyokuzwa na ushuru huuhuu. Sheria ya 1816 iliweka kanuni ya ujanja: nguo yoyote ya pamba kutoka nje ihesabiwe kuwa na thamani isiyopungua senti 25 kwa yadi, hata kama ni rahisi kuliko hapo, kisha itozwe asilimia 25. Kwa hiyo yadi ya nguo ya India iliyogharimu senti 8 ililipiwa senti 6 na robo. Nguo duni za India zikafungiwa nje ya Marekani, na viwanda vya kule vikajifunza kufuma hasa aina hiyo: nzito, ngumu, rahisi.

Vilipopata nguvu, meli za Salem ziliipakia nguo hiyo zikaileta Unguja, zikarudi na sandarusi na pembe za ndovu. Kutoka Unguja ilibebwa na misafara hadi Unyamwezi na mbele zaidi, ikawa fedha: mtu alilipia chakula, hongo ya kupita njia na upagazi kwa mikono ya merikani. Pamba iliyomo ndani yake ilikuwa imechumwa na watumwa wa majimbo yaleyale ya kusini, nayo kwenye bara letu iliweza kununua mtumwa mwingine.

Septemba 1833, miezi sita baada ya suluhu ya Clay, mjumbe wa Jackson aitwaye Edmund Roberts alitia saini Maskati mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan. Wamarekani waliokuwa wamekaribia kumwagana damu juu ya ushuru wa asilimia 40 na 50 bandarini kwao walikubaliwa kulipa, kwa mzigo wowote watakaoushusha katika bandari za Sayyid, asilimia 5.